Sinema ya Jumamosi: Watu 12 Chumbani

Si rahisi kuipata sinema ya Hollywood ambayo bibi, baba na watoto wataitazama pamoja pasipo mtu kukimbilia kuizima. Mwezi huu nawapendekezea 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Haina rangi, ni ya dakika 96, na takriban yote imo katika chumba kimoja chenye joto kali. Mapenzi hamna, risasi hamna; sigara na maneno makali vimo.

Raia 12 wanaamua hatima ya kijana wa miaka 18 aliyeshitakiwa kumuua babake. 11 wako tayari kumtia hatiani. Mmoja, Henry Fonda, anaomba wazungumze kwanza.

Mimi lakini jicho langu humwandama yule fundi saa, mhamiaji kutoka Ulaya. Mwenzake mmoja anambeza mshitakiwa kuwa hata Kiingereza hakijui, na katika kubeza huko anaivunja sarufi mwenyewe. Mgeni ndiye anayemsahihisha, tena kwa utulivu. Hapo isimamisheni picha. Wanetu wametuzidi kwa lugha ya huku, na wapo wanaoinamisha uso mzazi anapozungumza na mwalimu wao. Waulizeni ni nani aliyeaibika katika chumba kile.

Baadaye mbezaji huyo anafululiza kutukana kabila zima la watu. Wenzake wanainuka mmoja mmoja, wanampa mgongo.

Anzeni baada ya Isha. Kiangazi, Isha inapochelewa, baada ya Alasiri.