Usiku wa Oscars tulimtafuta mtoto wetu



Usiku wa siku ya Mungu, tarehe 24 Februari 2013, tulikusanyika wamama sita kwa mwenzetu mwenye antena, tukatazame sherehe ya Oscars kutoka Los Angeles, Marekani. Kule jua lilikuwa halijazama. Kwetu ilikuwa saa tisa na nusu ya usiku. Tulifunga vitenge mabegani, tukachemsha chai. Umeme haukutuangusha mpaka asubuhi.

Kusema ukweli, tulianza na nguo. Tulizihukumu zote! Jennifer Lawrence alipoitwa kuchukua zawadi ya mwanamke aliyecheza vizuri zaidi, akaanguka kwenye ngazi kwa sababu ya kanzu yake kubwa. Sote tukapiga kelele: “Pole, mwanangu!” Kati ya wanawake watano waliotajwa kwa zawadi ile, mmoja alikuwa mtoto wa miaka 9, Quvenzhané Wallis, na mwingine mama mzee wa Ufaransa, Emmanuelle Riva, aliyetimiza miaka 86 siku ile ile. Nyanya na mjukuu katika mstari mmoja. Tulifurahi.

Lakini tulikesha kwa ajili ya mtoto wetu. Rachel Mwanza ni wa Kinshasa. Alipokuwa mdogo aliitwa mchawi, akaishi barabarani. Watu wa sinema walimwona, wakamchukua acheze katika filme “Rebelle” ya Kim Nguyen wa Kanada. Ndani yake yeye ni Komona, msichana wa miaka 12 anayeibwa na waasi na kupewa bunduki. Mwaka 2012, huko Berlin, alipewa zawadi ya mchezaji bora wa kike. Sasa filme ilikuwa kwenye Oscars, kwa jina la Kanada, katika filme za lugha za kigeni.

Jina lililosomwa halikuwa lake. Ilishinda “Amour”, filme ya mzee anayemuuguza mke wake aliyepooza. Tulinyamaza. Ndipo mmoja wetu akasema: “Huyu mtoto angepita hapa miaka ile, tungemwita maibobo na kushika mikoba yetu.” Hakuna aliyemjibu. Chai ilipoa.

Tulinyamaza kwa sababu sote tulikuwa tunajua jambo moja. Katika kartye yetu kuna msichana mdogo ambaye tangu mwezi wa kumi na mbili halali nyumbani kwao. Mtoto mchanga wa nyumba ile alikufa kwa homa, watu wakasema dada yake “amemkula”. Wakampeleka kwenye chumba cha maombi, anafungishwa kula. Tulisikia. Tulisema, “Ni mambo ya familia ya watu.” Kisha tukakesha usiku mzima kumlilia mtoto wa Kinshasa kwenye televisheni.

Wamama, Katiba yetu, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaweka adhabu. Homa inaua watoto wachanga kila masika, na dada zao hawana kosa. Tunajua hayo sote, maana tumezika.

Siku ya tatu wanne kati yetu tulienda. Hatukwenda kugombana. Tulibeba unga na sabuni, tukakaa na mama yake, tukamwacha amlilie kwanza mtoto wake aliyekufa, maana hakuna aliyekuwa amempa nafasi hiyo. Alilia muda mrefu. Kisha akasema mwenyewe: “Yule mkubwa ndiye alikuwa ananisaidia kumbeba.” Jioni alikwenda naye mama mmoja wa kamati, wakamtoa mtoto. Amekonda. Analala kwa shangazi yake kwa sasa, kwa sababu baba bado hajakubali.

Kwa hiyo kazi haijaisha. Mkutano wetu ujao tutaongea na wababa pia; kila mama amlete wake. Na kama kwenu kuna mtoto anayeitwa jina hilo, msingoje aonekane kwenye televisheni. Njooni mtuambie mapema, tutakwenda pamoja.