Mito ya Masikio na Mizani Iliyopotea

Mapema mwaka huu nilimsahihisha marehemu kosa ambalo hakulitenda. Sababu haikuwa ukosefu wa elimu ya arudhi, ingawa elimu yangu ni ya kadiri. Sababu ilikuwa vipande viwili vya sponji vilivyochakaa. Naandika makala haya kwa ajili ya wenzangu wanaonakili tenzi na mashairi kutoka katika kanda na faili za sauti, nao wanajiuliza kama inafaa kutoa fedha kubadilisha mito ya hedifoni zao, au kama hiyo ni anasa ya wapenda muziki isiyotuhusu sisi watu wa maneno.

Nisemapo mito nakusudia yale mazingo laini yakaayo baina ya kikombe cha hedifoni na kichwa. Mafundi wa simu mjini huyaita sponji tu, na ukienda dukani ni neno hilo litakalokupatia unachokitaka. Mimi napendelea mito, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni ile ile ya mto wa kitandani, kukipumzisha kichwa. Lakini ina kazi ya pili ambayo mto wa kitandani hauna, nayo ni kuziba. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonitia aibu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2004 nilimrekodi Bi Mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, akighani utenzi alioutunga mwenyewe kuhusu miaka aliyomngoja mumewe aliyekuwa baharia. Nilirekodi kwa kaseti, sebuleni kwake, kinasa sauti kikiwa juu ya meza na yeye ameketi mbali nacho kidogo. Bi Mkubwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Binti yake, ambaye mimi humwita dada, aliniomba niunakili utenzi ule wote upate kuhifadhiwa katika maandishi. Nilihamisha kaseti ikawa faili, nikavaa hedifoni zangu, nikaanza kazi.

Kazi ilikwenda vyema hata nikafika katika kipande kimoja kilichonikwaza. Nilisikia: nasimama langoni. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: na-si-ma-ma-la-ngo-ni. Mizani 7, na utenzi wake ulikuwa wa mizani 8 tangu ubeti wa kwanza. Nilirudia kusikiliza mara nne, nikasikia vile vile. Nikajiambia kwamba mtunzi ni mtu, na ghani humponyoka hata bingwa. Nikaandika pambizoni, «mizani imepungua», kisha, kwa ujasiri ambao leo unanihuzunisha, katika nakala safi nikaandika: nikasimama langoni. Mizani 8, kina cha -ni kimebaki, nikaridhika.

Dada alipoisoma nakala ile hakusema mengi. Alisema, «Kaka, mama hakuwa na lango. Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja, nao wakijua.» Nilimjibu kwa adabu kwamba nimesikiliza mara nyingi. Yeye akasema, «Sikiliza tena.»

Nilisikiliza tena ili nimthibitishie, nikasikia langoni. Ila jioni ile feni ilikuwa inanisumbua kwa kelele, nikavikandamiza vikombe vya hedifoni kwa mikono yangu miwili. Hapo Bi Mkubwa akatamka, kwa utuvu kabisa, nasimama mlangoni. Na-si-ma-ma-m-la-ngo-ni. Mizani 8. Nikaondoa mikono, ile M ikatoweka. Nikakandamiza, ikarudi. Nilifanya hivyo mara kumi kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea, isipokuwa sikuwa na furaha ya mtoto.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa uzito wa tofauti hiyo. Lango ni la mji, la boma, la kasri. Mlango ni wa mwanamke na nyumba yake. Nikasimama ni tendo lililopita: alisimama, akaondoka. Nasimama ni hali: yungali amesimama. Kwa mkono mmoja nilikuwa nimemhamisha Bi Mkubwa kutoka kizingitini pake na kuukatisha ungojeaji wake, nikauita usahihishaji.

Sasa tuseme kilichotokea, maana si muujiza. M inayosimama peke yake kama silabi, ile ya mtu, mja, mlango, haina vokali ya kuibeba. Ni mvumo wa puani, na nguvu yake kubwa imo katika sauti nzito, kwenye Hezi 300 na chini yake. Hedifoni za vikombe vilivyofungwa hutegemea hewa iliyofungiwa baina ya spika na sikio ili kuzifikisha sauti nzito. Mto ukipasuka, ukabonyea, au ukaacha upenyo, hewa hutoroka, na sauti nzito ndizo zinazopungua kwanza. Sauti nyembamba kama za S na SH hubaki. Kwa hiyo huhisi kwamba umepungukiwa na kitu. Unasikia maneno yote, yanaeleweka, na unaamini. Tena upenyo ule ule ulioitoa M uliiingiza feni, kelele yake ikajaza pale M ilipokuwa.

Mito yangu ilikuwa ya ngozi bandia. Ngozi ya aina hiyo, hasa ya poliyurethani, huharibiwa na joto, unyevu, jasho na mafuta ya ngozi, na sisi wa pwani tunavyo vyote vinne mwaka mzima. Ilikuwa imeanza kubanduka magamba meusi yaliyonishika masikioni na kwenye ukosi wa kanzu, nami nikayapangusa na kuendelea. Juu ya hayo navaa miwani, na kila mkono wa miwani huinua mto na kuacha ufa mwembamba. Mto mzima wenye sponji laini huuzunguka mkono wa miwani na kuumeza; mto uliokakamaa hauwezi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa, nikajenga ukuta mbele ya mlango wa mtu.

Baada ya hapo niliamua kubadilisha, na uamuzi huo ulikuwa mwepesi. Swali gumu lilikuwa: kwa mito gani? Wauzaji huahidi mambo mawili kwa pamoja, raha na sauti bora, kana kwamba ni pacha. Nilijaribu aina tatu, nikitumia kipande kile kile cha Bi Mkubwa kama kipimo.

Nilianza na mito ya mahameli. Kwa raha haina mshindani. Kitambaa hupitisha hewa, sikio halitoki jasho, na saa mbili za mchana wa Mombasa zilipita bila mimi kuvua hedifoni. Pumzi za konsonanti zilisikika wazi kuliko nilivyozoea. Wasemao Kimvita wanajua kwamba paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, na kwamba kaa wa pwani na kaa la moto hutengana kwa njia hiyo hiyo; tofauti hizi hazimo katika tahajia yetu sanifu, zimo katika sauti tu. Lakini hewa ipitayo kwenye kitambaa ndiyo hewa inayotoroka. Sauti nzito zilipungua, mchakacho wa kaseti ukapanda, na M ya mlangoni ikawa kivuli. Ziko hedifoni zilizobuniwa tangu mwanzo kuvaa mahameli, kama vile DT 770 za Beyerdynamic, na hizo zimepimwa pamoja na kitambaa chake. Zangu hazikubuniwa hivyo.

Mito minene ya sponji nzito, ile ibonyeayo polepole, ilikuwa laini mno, na sikio halikugusa kitu ndani ya kikombe. Ila unene wake uliisogeza spika mbali na sikio na kuongeza nafasi ya hewa, sauti ikabadilika umbo. Bi Mkubwa alikuwa kama anaghani kutoka chumba cha pili. Mtu wa muziki pengine angeiita sauti pana. Mimi namtafuta mtu aliyeketi sebuleni.

Mwishowe nikajaribu mito ya ngozi bandia ya umbo, unene na kina sawa na ile ya asili. Bei yake ilikuwa karibu robo ya bei ya hedifoni zenyewe, na hilo lilinichoma. Joto lake ni lile lile nililolizoea. Lakini M ilirudi bila mkono wangu kukandamiza, na sauti ya marehemu ikawa na kifua.

Hivyo rai yangu ni hii. Badilisheni mito kwa ajili ya raha, wala msione haya, kwa sababu raha ni sehemu ya usahihi. Sikio linaloumia hutaka kumaliza. Msikilizaji anayetaka kumaliza husikia anachotarajia. Mimi nilirudia mara nne tu pale palipotaka mara kumi, na sehemu ya sababu ni kwamba masikio yalikuwa yakiwasha. Lakini msibadilishe kwa kutafuta sauti bora. Kwa anayenakili, mto bora ni ule unaoirudisha hedifoni katika hali iliyopimiwa na waundaji wake. Kila kinachozidi hapo ni ladha, na ladha ina haki katika burudani, haina haki katika unukuzi.

Najua zipo hoja za kunipinga. Wapo wasemao kwamba programu za kuhariri sauti zaweza kuongeza sauti nzito zilizopotea, pasiwe na haja ya kununua chochote. Zaweza, kama upungufu ungekuwa thabiti. Lakini upenyo wa mto uliochakaa hubadilika kila ugeuzapo shingo, kila utafunapo, kila usogezapo miwani, na hakuna programu inayojua umegeuza shingo lini. Wengine husema ongeza sauti tu. Nilifanya hivyo kwa miezi, na hapo hatari si ya maandishi peke yake. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na ITU uliweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Na kiwango kikipanda desibeli chache tu, saa hizo hupungua haraka. Anayeongeza sauti ili kuishinda feni anakopa kwenye masikio atakayoyahitaji kesho.

Na wapo watakaosema kwamba wanazuoni waliotutangulia walinakili tenzi nyingi bila hedifoni wala mito. Ni kweli, na nawavulia kofia. Lakini wengi wao walikaa mbele ya mghani mwenyewe. Waliposhuku mizani waliuliza, naye akarudia. Sisi tulioachiwa kaseti hatuna wa kumuuliza, na kwa hiyo wajibu wetu wa kutoziamini haraka hitilafu tunazozisikia ni mkubwa zaidi kuliko wao.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika «mizani imepungua» pambizoni mwa kazi ya mtu, fanya jaribio lisilo na gharama: kandamiza vikombe kwa mikono miwili, kisha achia. Kama hakuna kinachobadilika, mito yako ni mizima, na shaka lako lina msingi. Kama sauti inakuwa nzito na silabi zinajitokeza, usimguse mtunzi. Nenda kwa fundi, mwambie unataka sponji, umbo na kina kama cha mwanzo.

Nakala ya Bi Mkubwa nimeirudia yote kwa mito mipya, beti 112. Nimepata mahali pengine pawili ambapo M ilikuwa imeanguka na mimi nikajaza kwa maneno yangu. Nimeyafuta yangu. Wiki iliyopita nilimpelekea dada daftari, akalifungua pale pale penye kipande kile, akakisoma kwa sauti, taratibu, akiipa M yake haki kamili. Kisha akalifunga, akaniandalia chai.