Juma Moja Italia: Florence na Vijiji Vitano vya Pwani



Mama mmoja msomaji wetu wa Malindi ameniletea swali ambalo naona si lake peke yake. Mwanawe yuko kazini kaskazini mwa Italia, huu ni mwaka wa sita, na amewaalika wazazi wake wakamtembelee. Kijana amechukua likizo ya juma moja na mipango ameimaliza: siku tatu katika mji wa Florence, kisha siku tatu katika vijiji vya pwani viitwavyo Cinque Terre, yaani Ardhi Tano. Nyumbani jamaa wamegawanyika. Ami wa kijana asema huko ni kwenda kutazama masanamu na watu waliovua nguo ufukweni, na kwamba fedha hizo afadhali zitiwe paa. Mama auliza: aende au asiende?

Habari ya paa nawaachia wenyewe. Ama safari, rai yangu ni kuwa aende. Anafuatana na mumewe, anamwendea mwanawe, na kuunga jamaa hakukuwekewa mpaka wa bahari. Lakini ami naye hakusema uwongo, kwa hiyo yafaa mama ajue anachokiendea.

Nianze na sala, maana ndiyo huulizwa mwanzo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea. Kwa mpango wa kijana huyu hawatatimiza siku nne mahali popote, basi wana ruhusa ya kufupisha na kukusanya. Wakitangulia kukaa nyumbani kwake kwa siku nyingi zaidi, huko wataswali kamili. Kibla wakitafute upande wa kusini-mashariki. Sisi wa pwani hii tumezoea kuelekea kaskazini, na mazoea humpoteza mtu akiwa chumba cha ugenini. Tena mwezi wa Juni jua la Florence hutua karibu na saa tatu za usiku, na Isha huingia usiku mkubwa, kisha Alfajiri haikawii. Kwa mtu mzima huo ni uchovu mtupu. Waende Aprili au mapema Mei. Miezi hiyo maji ya bahari bado ni baridi, na wale anaowaogopa ami watakuwa wachache.

Florence, ambayo mbao za stesheni huiandika Firenze, ni mji wa sanaa, na hapana budi masanamu yako. Lililo mashuhuri kuliko yote ni la Michelangelo, lililochongwa baina ya 1501 na 1504, urefu wake wapita mita tano, nalo liko uchi. Lenyewe limewekwa ndani ya jumba la Accademia, na asiyetaka kuliona hakulazimishwa kukata tikiti. Nakala yake, hata hivyo, imesimama uwanjani mbele ya jumba la baraza la mji. Hapo ni kuinamisha macho na kupita. Katika kanisa kuu la mji huo mwenye mabega wazi au kaptura hurudishwa mlangoni. Mama zetu wa buibui hawana shaka hapo. Kuba la kanisa hilo ni la kutazamwa, hata kwa nje: Brunelleschi alilianza mwaka 1420 na likakamilika 1436, bila ya kusimamisha jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini, kama ilivyokuwa desturi ya waashi wa zama zake.

Lakini nisingependa mama huyu amalize siku zake tatu kwa yale ambayo kila mtalii huyaona. Nyuma kidogo ya jumba la Uffizi, kando ya mto Arno, pana nyumba ya makumbusho ya elimu iitwayo Museo Galileo. Humo mna tufe la shaba lililochorwa nyota za mbinguni kwa maandishi ya Kiarabu, kazi ya Ibrahim bin Said al-Sahli, fundi wa Valencia katika Andalusia ya Kiislamu, karne ya 11. Ni katika matufe ya namna hiyo ya kale kabisa yaliyobaki duniani. Na ndani ya Uffizi kwenyewe iko picha ya Gentile da Fabriano ya mwaka 1423. Ni picha ya kikanisa, wala simwelekezi mtu kwayo kwa ibada. Atazame tu duara la dhahabu linalozunguka kichwa cha Bibi Maryam: limenakshiwa kwa alama zilizoigizwa kutoka hati ya Kiarabu. Ukijaribu kuzisoma hazisomeki, kwani mchoraji hakuijua lugha. Alipenda umbo la herufi alizoziona katika vyombo na vitambaa vya Misri na Sham. Mwaka mmoja kabla yake, 1422, Florence ilikuwa imepeleka wajumbe kwa Sultani Barsbay wa Cairo kutafuta biashara. Baadaye, mwaka 1487, Cairo ilimpelekea Lorenzo de' Medici twiga mzima, na mji wote ukatoka kumtazama. Sisi wa Malindi, ambao twiga wetu alifika Uchina miaka sabini na zaidi kabla ya huyo, hatuna la kushangaa.

Kutoka Florence kwenda vijijini njia ya treni hupitia Pisa, na ningemwomba kijana awashushe hapo saa chache. Mnara ulioinama watauona, hauwezi kukosekana. Wakiisha kuuona waingie makumbusho ya kanisa kuu. Humo yumo mnyama wa shaba wa kubuni, mwili wa simba na kichwa cha ndege, kazi ya mafundi wa Kiislamu. Alikaa juu ya paa la kanisa hilo kwa karne nyingi, hadi 1828, na kiwiliwili chake kimeandikwa kwa hati ya Kufi dua ya baraka kwa mwenye kummiliki. Pisa ndiyo pia nchi ya Leonardo, aitwaye Fibonacci, ambaye babake aliwasimamia wafanyabiashara wa Pisa katika forodha ya Bijaya, Algeria ya leo. Huko ndiko alikojifunza tarakimu hizi zetu pamoja na sifuri, akaziandikia kitabu mwaka 1202. Watoto wetu wanaolia na hesabu wajue zilikopitia.

Basi vijiji. Ni Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, vimepandana juu ya majabali, na treni kutoka mji wa La Spezia huvifikia kwa dakika chache, ikiingia na kutoka mapangoni. Ufuko mkubwa wa mchanga uko Monterosso. Wakitaka kuuepuka wakae Manarola au Corniglia. Ila Corniglia iko juu, na kutoka stesheni ni ngazi zipatazo 382. Kipo kibasi kidogo cha wenye magoti mabovu.

Chakula si taabu kama inavyodhaniwa. Pwani hiyo ina samaki, na ina mkate mwembamba uitwao farinata, wa unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi. Mpishi wa bajia ataujua kwa harufu. Wajifunze maneno matatu: maiale ni nguruwe, strutto ni mafuta yake, vino ni mvinyo. Mikate mingine hutiwa hayo mafuta, kwa hiyo kila duka liulizwe.

Minara ya kale iliyoko Monterosso na Vernazza ni ya walinzi waliokuwa wakitazamia majahazi ya maharamia, wengi wao kutoka Afrika Kaskazini. Aliyefurahi kuisoma habari ya tufe na tarakimu aisome na hii.

Lakini kitu cha kukitazama hasa ni kuta. Milima ile yote imekatwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, kazi ya takriban miaka elfu. Zabibu zipandwazo hapo huishia kwenye mvinyo, na hilo si letu. Ukuta wenyewe ni hekima: mvua ikinyesha maji hupenya katikati ya mawe na udongo hubaki. Ila wataka kuangaliwa kila mwaka, jiwe lililotoka lirudishwe. Katika karne ya 19 ilijengwa njia ya reli, na La Spezia ikapata karakana kubwa ya manowari. Vijana wakateremka kufuata mshahara wa mwezi. Wazee walibaki na kuta, kisha kuta zikabaki peke yake. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa iliteremsha udongo na mawe juu ya Vernazza na Monterosso, matope yakaziba milango ya chini, na watu wakafa. Mvua ilikuwa ya ajabu, lakini pale kuta zilipokuwa zimeachwa mlima ulikuwa tayari umelegea.

Mama mwenye mwana aliye mbali mwaka wa sita atayaelewa mawe yale kuliko watalii wengi.

Tangu hapo wako wanaorudi kujenga, na mwaka 2018 UNESCO iliuandikisha ufundi huo katika urithi wa wanadamu. Babake kijana, ambaye naarifiwa ni mwashi, atakuwa na mengi ya kuuliza, na kijana ajua Kitaliano. Wakimkuta mzee akipanga jiwe, amfasirie babake. Njia kati ya Vernazza na Corniglia ndiyo hupita katikati ya ngazi hizo za mashamba. Ina tikiti yake, na ina vipando vikali vya mawe. Wavae viatu vya kufunga. Ndara wawachie nyumbani.