MRI ndogo na safari ndefu ya mgonjwa wa Rumonge

Mwanamke anayeuza mawese au ndagala mjini Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, anapogundua uvimbe mdogo usiouma katika titi lake, ni vigumu aache biashara na kushika barabara ya Bujumbura, takriban kilomita 70. Ucheleweshaji huo ndio huipa saratani nafasi ya kusambaa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo.

Je, kipimo kinaweza kumfuata mgonjwa? Mashine ya kawaida ya MRI huwa na sumaku ya tesla 1.5 au zaidi, chumba maalumu na umeme wa uhakika. MRI ya sumaku hafifu hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya tesla, na yaweza kujengwa kwa sumaku za kudumu zisizohitaji kupozwa.

Mfano uko jirani. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, na washirika wake wa Uholanzi waliunganisha mashine ya namna hiyo papo hapo kwa siku 11. Hata hivyo, ililengwa kwa watoto wenye maji kichwani. Kwa matiti, kazi ingali mikononi mwa watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti. Kikwazo ni kwamba sumaku hafifu hutoa ishara hafifu. Uvimbe mdogo, ambao ndio unaotafutwa, waweza kukosa kuonekana.

Tena, picha pekee haithibitishi saratani. Ni lazima kipande cha uvimbe kichunguzwe maabara. WHO inataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na angalau asilimia 60 ya saratani zinazosambaa zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili.

Kwa Rumonge, basi, maandalizi hayana haja ya kusubiri mashine: muuguzi anayejua kupima matiti kwa mkono, utaratibu wa kufikisha sampuli maabara na kurudisha majibu, na nauli ya mgonjwa. Hayo yakikosekana, MRI itamwonyesha mama ugonjwa wake bila kumfikisha kwenye tiba.