Deni la Mama wa Vitumbula



Kijana mmoja, mwenyeji wa Kasenga, amefika Lubumbashi kuanza masomo yake makuu. Hapa mjini hana mama wala dada wa kumpikia. Siku ya Mungu, baada ya Misa, alitusogelea akatuuliza: « Mwalimu, katika mji huu nile wapi, nishibe, nisiugue, na fedha yangu isiishe kabla ya mwezi? » Tulimjibu kwa maneno machache, maana jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wakituvuta mkono. Lakini tulipofika nyumbani tuliona ya kuwa swali lake ni kubwa kuliko jibu letu. Leo twamjibu hapa, pamoja nanyi nyote mnaokula nje ya nyumba zenu: wanafunzi, wafanyakazi na wasafiri. Na mwishoni tutasema jambo ambalo hatukumwambia siku ile, kwa kuwa lina aibu yetu ndani yake.

Tuanze na asubuhi, yaani na mkate. Karibu ngano yote inayoliwa Kongo yatoka ng'ambo. Ndiyo sababu vita ya mbali huingia hata katika kikapu cha mkate. Mwaka 2022, vita ilipoanza kati ya Urusi na Ukraine, nchi mbili zinazouza ngano nyingi sana duniani, bei ya ngano ilipanda pote. Na mwoka mikate asiyethubutu kupandisha bei afanyeje? Hupunguza donge. Basi mnunuzi mwenye akili hatazami urefu wa mkate, aupima mkononi. Mkate mrefu wenye ganda gumu, ukiugonga chini kwa kidole, yafaa ulie kama ngoma ndogo. Usiolia, ndani yake bado ni mbichi. Ukiweza, ununue karibu na tanuru, asubuhi mapema, kabla haujazunguka mji mzima katika beseni pamoja na vumbi la barabara. Na mkate uliolala usiutupe: uweke kidogo juu ya makala, na ladha yake itarudi.

Lakini wengi wetu hatufiki hata penye tanuru, kwa maana vitumbula vyatungoja kando ya njia. Mwanafunzi wa Lubumbashi asiyevijua vitumbula tumtafute wapi? Kungali giza, mama amekwisha kuwasha mbabula yake. Jana jioni alichanganya unga wa ngano, sukari, chumvi kidogo, chachu na maji. Usiku kucha donge limeumuka chini ya kitambaa. Sasa analichota kwa vidole na kulitupa katika mafuta, tone kwa tone, upesi kuliko sisi tunavyoandika. Tazama mafuta yake kabla ya kununua. Yakiwa hayajachemka vizuri, kitumbula hunywa mafuta na kulala tumboni kama jiwe. Yakiwa meusi kwa kutumiwa siku nyingi, pita kwa adabu, uende kwa jirani yake.

Mchana wa Lubumbashi ni bukari. Vijana wadhani kwamba bukari wa mahindi umekuwapo hapa tangu mwanzo wa dunia. Lakini mji wenyewe si mzee. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika hapa, na mji ukajengwa kwa ajili ya shaba. Kwa reli hiyo ulikuja pia unga wa mahindi kutoka Rodezia, na kampuni ya Union Minière iliwapimia wafanyakazi wake posho ya unga. Hivyo mtu wa Kasai, mtu wa Luapula na mtu wa ziwa Tanganyika walijikuta wameketi mbele ya sahani moja. Hata leo mahindi mengi yapita mpakani Kasumbalesa. Zambia ilipopatwa na ukame mkali mwaka 2024, wapishi wetu pia waliutazama mfuko wa unga kwa wasiwasi.

Bukari huo wauliwa wapi? Nenda soko la Kenya, au Katuba, au Kamalondo, au popote penye kituo cha mabasi. Utaona mabati manne, mabenchi mawili na sufuria zilizopangwa mstari mmoja. Ndiyo malewa, na usiidharau kwa sababu haina kitambaa mezani. Hapo utapata sombe, lengalenga, matembele, ndakala waliokaangwa, na siku ya mshahara, nyama. Mvua zikianza, waongeza uyoga wa porini na viwavi vilivyokaushwa. Pembeni, mama mwingine auza kikanda, kilichopikwa kwa viazi vya porini na karanga, na mwingine munkoyo, uji wa mahindi ambao mizizi ya porini imeugeuza kuwa kinywaji kitamu bila sukari. Jioni, moshi wa michopo utakuita wenyewe: ni nyama ya mbuzi juu ya makala, ikatwe mbele ya macho yako, pamoja na chumvi na pilipili. Twawaonya wanafunzi tu kwamba michopo ina ndugu yake, ndiye chupa, na mara nyingi ndugu huyo hula fedha nyingi kuliko mbuzi.

Utaijuaje malewa njema? Kwa mambo matatu. Kwanza, tazama maji: pana maji safi na sabuni ya kunawa, au beseni moja ambamo watu thelathini wamekwisha kuosha vidole? Katanga imeonja kipindupindu mara nyingi. Si jambo la mchezo. Pili, tazama vifuniko: sufuria isiyofunikwa ni meza ya nzi kabla ya kuwa meza yako. Tatu, uulize juu ya sombe. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu. Yafaa yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu. Mpishi mwaminifu hakasiriki ukimwuliza alianza kuyachemsha saa ngapi. Hukujibu kwa majivuno.

Hayo ndiyo tuliyomwambia kijana wa Kasenga. Sasa tuseme lile tulilomficha.

Wazee wanakumbuka ya kuwa zamani katika mji huu posho na mshahara wa baba vilitosha nyumba nyingi. Mwaka 1967 Serikali iliichukua Union Minière, na kazi yake ikarithiwa na Gécamines. Lakini miaka ya 1990 Gécamines yenyewe ilidhoofika. Mishahara ilichelewa, posho ikakatika, baba wengi wakakaa nyumbani mikono mitupu. Hapo ndipo mama wengi walipobeba mbabula wakaenda kando ya barabara. Kitumbula, sahani ya bukari, fungu la ndakala: kwa faida ndogo hiyo watoto walivaa na kusoma. Basi yule mama aketiye juu ya gaba la mafuta si mtu wa kupitisha wakati. Mara nyingi ndiye nguzo ya nyumba nzima.

Tulijua hayo yote. Twaweza hata kuyafundisha ubaoni. Hata hivyo, sikilizeni tulivyotenda.

Miaka kadhaa iliyopita mshahara wetu ulichelewa miezi miwili. Karibu na shule palikuwa na mama wa vitumbula, naye alituheshimu sana kwa kuwa alikuwa na binti katika shule yetu ya sekondari. Kila asubuhi tulichukua vitumbula 4, tukasema: « Mama, andika. » Naye aliandika katika daftari lake, kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi. Tulifanya hivyo siku 23. Siku ya 24 hakutudai kitu, alisema tu, « Mwalimu, unga umepanda. » Tulielewa vizuri. Kesho yake tulipita njia ya nyuma.

Njia ya nyuma ilikuwa na matope, maana ulikuwa wakati wa mvua. Tuliingia darasani viatu vimechafuka, na wanafunzi wakacheka chini chini. Mtoto wetu mdogo aliendelea kupita njia ya mbele, na jioni alituambia: « Mama wa vitumbula amenipa viwili. Amesema, msalimie baba. » Tulinyamaza. Mwishowe mshahara ukafika. Je, tulikwenda kulipa? Tulikwenda kununua viatu, kwa kuwa matope yalikuwa yameharibu vile vya zamani. Tulijiambia: « Deni ni dogo, atapata mwezi ujao. »

Juma lililofuata tulipewa orodha ya wanafunzi ambao hawajalipa karo, wapate kurudishwa nyumbani mpaka walipe. Tuliisoma mbele ya darasa kwa sauti yetu wenyewe. Jina la saba lilikuwa la binti wa mama huyo. Alifunga vitabu vyake polepole, akatuaga kwa heshima, akatoka. Hata wakati ule hatukufahamu. Tulifahamu siku tatu baadaye, tulipopita njia ya mbele kwa viatu vipya. Penye mbabula palibaki majivu na mawe matatu. Jirani yake, auzaye makala, alisema: « Mtaji umekwisha, Mwalimu. Watu wamekula, hawakulipa. »

Jioni ile tulifanya hesabu, nasi twawaomba wanafunzi waifanye pamoja nasi. Vitumbula 4 kwa siku 23 ni vitumbula 92. Watu 10 wa namna yetu ni vitumbula 920. Katika kila kitumbula, sehemu kubwa ya bei ni unga, mafuta, sukari na makala, navyo mama amekwisha kuvilipia dukani. Ili kurudisha kitumbula kimoja kisicholipwa, yampasa auze vingine vingi kwa faida ndogo. Basi anayekopa bila kulipa hali faida ya mama tu. Ala mfuko wa unga wa kesho. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini safari ile sisi tulikula harusi, na matanga yakafanyika nyumbani kwake.

Tulikwenda kwake usiku huo huo. Binti alikuwa akiosha sufuria nje, alituletea kiti. Tukaweka fedha mezani, tukaanza kutoa sababu zetu. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: « Mwalimu, kwa deni sikukasirika. Nani hajui kwamba mshahara unachelewa? Nilisikitika ulipopita njia ya nyuma. Mwenye deni akija, tunaongea, ninajua nipike kiasi gani. Asipokuja, nimekosa fedha, na nimekosa mtu vilevile. »

Hatukuwa na jibu. Tuliwatafuta walimu wenzetu waliokuwa katika daftari lile. Wengine walilipa yote, wengine nusu, mmoja alikana hata tulipomwonyesha mistari. Baada ya majuma mawili mbabula iliwaka tena. Binti alirudi shuleni, lakini mitihani ilikuwa imepita, na mwisho wa mwaka ilimpasa kurudia darasa. Deni la vitumbula tulilipa lote. Mwaka ule wa binti hatukuweza kuulipa.

Kwa hiyo, ewe kijana wa Kasenga, nasi twakuongezea mashauri yaliyobaki. Uchague mahali pamoja au wawili pa kula, wakujue, nawe uwajue. Siku upatapo fedha kutoka nyumbani, anza kwa daftari la mama kabla ya viatu, kabla ya simu, na kabla ya michopo. Ukikopa, wewe mwenyewe sema siku ya kulipa, na iandikwe. Siku hiyo ikifika huna kitu, pita njia ya mbele, useme: « Mama, leo sina. » Maneno hayo yaunguza ulimi, twajua, lakini hayafungi mbabula ya mtu.

Nanyi akina baba mlio na kazi, jioni ya leo ulizeni nyumbani kama jina lenu limeandikwa katika daftari fulani pale njiani. Mara nyingi watoto hujua kabla yenu.

Huyo mama angali pale karibu na shule. Vitumbula vyake ni vizuri, mafuta yake ni safi, na kufika saa moja asubuhi karibu vyote vimekwisha. Anayetaka kuvionja aamke mapema, aje na fedha mkononi.