Ndugu Zangu wa Bodaboda, Rudisheni Vioo

Ndugu zangu madereva wa bodaboda, nina ombi moja kwenu, na linawahusu pia wenye pikipiki, mafundi na sisi abiria. Rudisheni vioo vya pembeni. Virudi vyote viwili, na viwe vya kuonyesha nyuma kweli.

Najua kwa nini vilitolewa. Kwenye foleni, unapopenya kati ya magari, kioo hukwaruza. Pikipiki ikilala chini, kioo ndicho huvunjika kwanza. Wengine wameona pikipiki inapendeza zaidi bila vioo, au wamefunga vile vidogo vya urembo ambavyo havionyeshi zaidi ya kiwiko cha dereva. Sababu hizi sizidharau. Lakini mgongoni kwako amekaa mtu, pengine mwanafunzi, pengine mama na mtoto wake, na lori likiwagonga kwa nyuma litaanza na yeye.

Huku kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekupita hupita kulia. Ndiyo maana kukata kulia ni hatari: unapoingia, gari la nyuma nalo huenda limeshaanza kukupita. Asiye na kioo hulazimika kugeuka akiwa kwenye mwendo, na kichwa kikigeuka, mara nyingi usukani nao hufuata. Mwenye kioo anatupa jicho tu, akiona kuna gari anatulia. Bado ageuze shingo kidogo kabla ya kukata, maana ipo sehemu ya pembeni ambayo kioo hakiifikii.

Mnapokwenda kununua, msichague kioo kikiwa kimelala juu ya meza ya duka. Kaa juu ya pikipiki yako, vaa koti na kofia ngumu unavyovaa kazini, mwombe mwenzako akae nyuma kama abiria, kisha tazama. Ukiona bega lako tu, mkono wa kioo ni mfupi. Tafuta mrefu zaidi. Vioo vingi vya pikipiki vimebenuka kidogo ili vionyeshe eneo pana, ila gari huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Ukiliona kiooni liko mbali, jua liko karibu zaidi. Fundi naye apime skrubu kabla ya kufunga, kwani zipo za milimita 8 na za milimita 10, na kwenye baadhi ya pikipiki kioo cha kulia hukazwa kwa kuzungushwa kinyume. Akilazimisha, nyuzi zinakufa.

Kisha kuna mtetemo, na huu ni ugomvi wa zamani. Mwaka 1911 dereva Ray Harroun alishinda mashindano ya kwanza ya magari ya maili 500 ya Indianapolis, Marekani. Wenzake walibeba fundi wa kuwaangalilia nyuma. Yeye aliendesha peke yake, akafunga kioo mbele yake. Baadaye alisema gari lilitetemeka mno kwenye njia ya mashindano iliyotandikwa matofali hata kioo hakikumsaidia kitu. Dereva wa bodaboda anamwelewa vizuri! Kwa hiyo chagueni mkono wa chuma ulio imara, na nati ya chini ikazwe barabara. Kioo kinachocheza hakikwambii kama nyuma ni baiskeli au basi.

Nanyi mnaotoa pikipiki kwa mkataba, mkabidhini kijana chombo chenye vioo viwili, na kimoja kikivunjika kazini msimwachie gharama peke yake. Ni miongoni mwa spea za bei ndogo. Sisi abiria tukifika kijiweni tumchague mwenye vioo, tena tumwambie kwa upole kwamba ndiyo sababu tumepanda kwake, wenzake watasikia. Na wenyeviti wa vijiwe, tafuteni asubuhi moja wiki hii, mwiteni fundi mmoja na spana zake, pikipiki zipite kwake moja moja kabla ya abiria wa kwanza.