Mwalimu, Nirudishie Redio Yangu

Shuleni kwetu hapa Uganda nilinyang'anywa redio niliyoiunda mwenyewe: waya wa shaba uliozungushwa kwenye kopo, diodi ya jerimani, kisikilizio cha sikioni na waya mrefu uliofungwa mtini. Haikuwa na betri. Nguvu yake ilitoka katika mawimbi yenyewe ya kituo. Mwalimu alisema, "Acha mchezo, kasome fizikia." Nami nauliza: hiyo si fizikia?

Wanaotupinga husema kuunda redio ni kuvunja sheria. Hao wanachanganya mambo mawili, kwani kusikiliza si kurusha. Anayetaka kurusha sharti apate leseni na herufi za mwito. Za Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Z, za Tanzania 5H. Basi tuonyesheni njia ya kuipata leseni hiyo, msitufungie mlango.

Wengine husema simu zipo. Ni kweli, lakini mnara wa simu ukizimika, simu hiyo itamwita nani? Mwenye leseni, kwa waya wa mita 20 hivi uliokatwa katikati na mtambo wa megahezi 7, huzungumza na nchi jirani bila mnara wa kampuni yoyote.

Wahenga walisema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi tunakaririshwa mawimbi ubaoni, kisha tunaadhibiwa tukiyanasa. Hakuna aliyejifunza kuogelea ubaoni. Mwalimu, tafadhali, naomba kopo langu.